Ramani mbili za Pangani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia na jiografia katika shule ya sekondari wilayani Pangani. Nilipokuwa naandaa somo la mimea vamizi nilikutana na ramani mbili za mimea hiyo nchini Tanzania. Ya kwanza ina nukta nyekundu. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki, zimejaa hadi hazihesabiki, lakini Pangani hakuna hata moja. Ya pili imegawanywa kwa miraba, na mraba wetu umepakwa nyekundu iliyokolea, sawasawa na Amani. Wanafunzi wameniuliza ipi ni ya kweli, nikakosa jibu. Sasa wana hamu ya kuchora ramani ya kwetu wenyewe. Je, tuiamini ipi, na tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Wape wanafunzi wako pongezi zangu. Hilo ni swali ambalo watu wengi wenye kazi hii hulipita, nami mwenyewe nililipita kwa miaka kadhaa, nikaja kulilipia. Nitaeleza.

Ramani zote mbili zinaweza kuwa zimechorwa kwa uaminifu kabisa. Tatizo ni kwamba ya kwanza inaonyesha wataalamu wa mimea walipita wapi, na ya pili inaonyesha mmea umewahi kuonekana ndani ya eneo kubwa kiasi gani. Hakuna iliyokwenda Pangani kuangalia.

Tuanze na ile ya nukta. Kila nukta ni kumbukumbu moja: mtu fulani, siku fulani, mahali fulani, aliuona mmea fulani akauandika, au alikata tawi akalikausha na kulihifadhi katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Sasa jiulize watu hao walikuwa wapi. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia pale Amani mwaka 1902. Wakaleta mimea ya kigeni kutoka pembe zote za dunia, mamia kwa mamia ya aina: ya mpira, ya kwinini, ya kafuri, ya viungo, ya mbao. Wakaipanda kwenye vitalu kuanzia huko juu milimani hadi chini kuelekea Sigi. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza kazi hiyo, na hazina ya mimea iliyokaushwa ilikua hapo hapo hadi ilipohamishiwa Nairobi mwaka 1950. Tangu wakati huo watafiti hawajaacha kupanda mlima ule. Mahali palipochunguzwa kwa zaidi ya miaka 100 patakosaje nukta?

Lakini usije ukawaambia wanafunzi kwamba nukta za Amani ni za uongo, eti zimetokana na wingi wa macho tu. Amani kweli kuna mimea vamizi mingi, na sababu ni hiyo hiyo ya bustani. Mimea ililetwa ijaribiwe, na baadhi yake ikatoka kwenye vitalu. Mambo mawili yamechanganyika katika nukta zile, wingi wa mimea na wingi wa watazamaji, na ukiangalia ramani peke yake huwezi kuyatenganisha.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye mti mmoja, kwa sababu unafundisha zaidi ya mwingine wowote. Ukitoka Muheza kupanda Amani utauona: mrefu, shina limenyooka, matawi yametandazwa. Huo ni mhesi. Kwa kitaalamu unaitwa Maesopsis eminii. Kwao ni Kagera, Uganda na kuendelea magharibi hadi Afrika Magharibi. Bukoba ni mwenyeji, tena mwenyeji wa heshima, watu wanaupenda kwa mbao na kwa kivuli cha kahawa. Usambara ya Mashariki ni mgeni. Ulipandwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita, na baadaye ukapandwa kwa wingi zaidi. Msitu ulipokatwa mbao katika miaka ya 1960 hadi 1980, mapengo yakafunguka, mwanga ukaingia, na mhesi ukapata nafasi. Hondohondo humeza matunda yake na kwenda kuzitoa mbegu mbali na mti mama. Kima nao hula. Kwa hiyo kila pengo la msitu palipoanguka mti mkubwa likawa na uwezekano wa kupokea mbegu ya mhesi kabla miche ya wenyeji haijainuka.

Kwa nini nasema unafundisha? Kwa sababu katika ramani ya nchi nzima, ukiandika tu “mhesi upo”, utapaka Kagera na Tanga rangi moja. Kagera utakuwa umemwita mwenyeji mvamizi. Wengi hudhani mmea wa kigeni ni ule uliovuka bahari au mpaka wa nchi. Mimea haijui mipaka ya nchi yetu. Msitu wa Usambara ulitengana na misitu ya magharibi kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba kuna mimea na vyura wasiopatikana popote duniani ila kwenye milima ile. Kwa mimea hiyo, mti uliotoka Bukoba ni mgeni sawa na uliotoka Brazili. Hivyo ramani yoyote ya nchi lazima iwe na safu inayosema: hapa mmea huu ni mwenyeji, hapa ni mgeni.

Na ugeni pekee haumfanyi mtu adui. Wewe uko Pangani, basi wanafunzi wako wanaijua Kikokwe. Mkonge ulifika huko mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf. Inasimuliwa kwamba miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida na ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 Tanga ikawa Tanga. Mahindi ni mgeni, muhogo ni mgeni, machungwa ya Muheza ni mageni. Mmea wa kigeni huitwa vamizi pale unapozaliana wenyewe bila mkono wa mtu, ukatoka ulipopandwa, ukasambaa na kuanza kuwabana wenyeji au kuharibu malisho, mashamba, maji. Katikati kuna hatua ya mimea iliyozoea: inazaa yenyewe lakini haijakwenda mbali. Hatua hizo tatu ziandikeni kando kando kwenye fomu yenu. Mti uliopandwa uani kwa mtu usihesabiwe pamoja na miche iliyojiotea porini. Kosa hilo nimeliona kwenye kazi za watu wazima.

Sasa ramani ya pili, ile ya miraba. Ukitaka kuchora nchi yenye kilomita za mraba zipatazo 945,000, huwezi kufika kila mahali. Kwa hiyo unaigawa nchi kwa miraba, unapita barabarani kwa gari ukisimama kila baada ya umbali fulani, na unaandika mimea uliyoiona katika kila mraba. Afrika Kusini ndiyo iliyofanya kazi hii kwa uvumilivu kuliko nchi nyingine za bara hili. Mtaalamu Lesley Henderson alianza kupita barabarani akihesabu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1994 kazi hiyo ikawa atlasi rasmi, ikitumia miraba ya robo digrii. Huku Afrika Mashariki mbinu hiyo imetumika kwa miraba mikubwa zaidi, ya nusu digrii.

Nusu digrii huku kwetu ni kama kilomita 55 kwa kila upande. Mraba mmoja una takribani kilomita za mraba 3,000, na nchi nzima inaingia katika miraba 300 na ushee. Chukua rula, Mwalimu, na uwafanyishe wanafunzi zoezi hili darasani. Pigeni mstari kwenye longitudo 38.5 na 39.0 mashariki, kisha latitudo 5.0 na 5.5 kusini. Angalieni nani ameingia chumbani. Amani imo. Muheza imo. Na Pangani mjini imo, imejibana pembeni kabisa karibu na kona ya chini. Msitu wa mlimani wa mita 900 juu ya usawa wa bahari, wenye ukungu na mvua, umewekwa chumba kimoja na mji wa minazi na mikoko. Mmea ukiandikwa mara moja Amani, mraba mzima unapakwa, na wewe uliyeko ufukweni unaambiwa umevamiwa.

Ndiyo maana ramani zako mbili zimepingana. Ya nukta inakuona mweupe kwa kuwa hakuna aliyekuja. Ya miraba inakuona mwekundu kwa kuwa jirani yako aliyetembelewa umewekwa naye kapu moja.

Je, miraba mikubwa haina maana? Ina maana kubwa, kwa swali lake. Anayekaa Dodoma akipanga mmea upi upewe kipaumbele, anataka kujua ni miraba mingapi kati ya 300 ina gugu karoti leo na ilikuwa mingapi miaka kumi iliyopita. Hiyo anaipata. Asiyeweza kuipata ni mwenyekiti wa kitongoji anayetaka kujua atume vijana upande upi wa mto. Ukipunguza mraba hadi kilomita moja, nchi inakuwa na miraba karibu 945,000, na hakuna bajeti itakayoimaliza. Kila kipimo kina deni lake.

Kuna ramani ya aina ya tatu ambayo mtakutana nayo, naitaja ili isiwachanganye. Kompyuta hupewa nukta zilizopo pamoja na joto, mvua na udongo wa mahali hapo, kisha hutafuta nchi nzima mahali panapofanana na hapo. Ramani hiyo inasema mmea unaweza kuishi wapi ukifika. Watu wengi huisoma kana kwamba inasema mmea umeshafika. Tena kama nukta zilizotumika zote zilitoka Amani na kando ya barabara, kompyuta itajifunza kwamba magugu hupenda barabara na watafiti.

Nije kwenye jambo ninalolitaka mlishike kuliko yote: andikeni pale ambapo hamkukuta kitu.

Nilipoanza kazi hii nilipita njia moja ya kupanda mlimani nikitafuta lantana, kile kichaka chenye maua ya waridi, njano na chungwa kwenye kishada kimoja. Kila nilipoiona niliandika. Mahali ambapo sikuiona sikuandika chochote, nikaendelea na safari. Miaka mingi baadaye nikarudi njia ile ile na kuikuta lantana sehemu nyingi ambazo hazimo kwenye daftari langu. Nilifurahi, nikadhani nimepata ushahidi wa kuenea kwake. Kisha nikakaa na daftari, nikaona siwezi kusema neno. Pale kwenye korongo la pili, nilipita nikaangalia na haikuwapo? Au siku ile mvua ilininyeshea nikapita mbio? Au niliruka kipande hicho nikiwa kwenye gari? Ukurasa mweupe haukuweza kunijibu. Kazi ya miezi ilikosa nusu ya thamani yake kwa sababu sikuandika maneno mawili: “nimetafuta, sijakuta.” Sikosi kuyaandika tena, na kila kijana ninayefanya naye kazi namwambia hivyo siku ya kwanza.

Bila safu hiyo hamtaweza kusema mmea unaenea. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, na kumbukumbu za mimea zinaongezeka kila mwaka. Nukta zikiongezeka inawezekana mmea umeongezeka, na inawezekana simu ndizo zilizoongezeka. Anayeweza kutofautisha ni yule aliyeandika miraba aliyotembea, dakika alizotumia na macho mangapi yalikuwapo.

Na “sijakuta” nayo ina uzito tofauti. Tuseme kundi lenu lina uwezo wa nusu kwa nusu kuiona lantana iliyomo katika mraba kwa ziara moja, kwa kuwa imejificha nyuma ya vichaka au haijachanua. Mkienda mara moja mkaikosa, bado kuna uwezekano mkubwa imo. Mkienda mara mbili, uwezekano wa kuikosa mara zote mbili, ingawa imo, ni robo. Mara tatu, ni moja ya nane. Hesabu hiyo wanafunzi wa kidato cha tatu wataiweza, na itawaonyesha kwa nini nasema miraba ile ile irudiwe: mara moja Juni masika yakiisha, mara nyingine Januari baada ya vuli.

Sasa tuanzie wapi? Msichore wilaya nzima. Chagueni kata moja, au mbili mkiwa wengi. Gawanyeni kwa miraba ya kilomita moja, ipeni namba. Nusu ya miraba mtakayotembelea ichagueni kwa kura: andikeni namba kwenye vikaratasi, vitieni kwenye kofia, mtoto avute. Nusu nyingine ichagueni kwa akili, mahali ambapo mbegu hufikia. Miraba ya kura na ya kuchagua isichanganywe kwenye hesabu, maana ya kuchagua itakuwa na mimea mingi kwa sababu mmeichagua hivyo. Kila mraba upewe muda ule ule, tuseme dakika 45, saa mkononi.

Mahali mbegu hufikia ni pale watu, mifugo, maji na ndege hupita. Kwa Pangani mimi ningetazama kivuko na ng'ambo yake Bweni, kingo za mto, barabara ya kwenda Muheza, maegesho ya malori, minada ya mifugo, machimbo ya kokoto na kifusi kilichomwagwa kujenga barabara. Udongo unaobebwa na magari hubeba mbegu. Kwa mkoa mzima wa Tanga kuna pia ujenzi unaokata nchi kwa urefu, kama njia ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani. Simaanishi limeleta gugu. Nasema ukanda wowote mpya wa udongo uliofunuliwa ni wa kutembelea mapema na kila mwaka.

Mimea msichague mingi. Mitano inatosha, na ningechagua hii.

Lantana mnaifahamu, ndege huieneza, mifugo ikiila huumwa. Mwarobaini ni wa pili, na najua hapo mtapata ubishi nyumbani, kwa sababu mti huu umetibu watu wa pwani kwa miaka mingi na kila ua una mmoja. Lakini popo na ndege hula matunda yake, na miche yake hujiotea kwenye vichaka vya pwani ambavyo hakuna aliyeipanda. Waelezeni wazee kwamba kuandika si kukata. Mnataka kujua umeishia uani au umeingia vichakani, basi.

Wa tatu ni gugu karoti, ambalo naliogopa kuliko mengine. Liligunduliwa Arusha mwaka 2010 au karibu na hapo. Majani yake yanafanana na ya karoti, maua ni meupe madogo madogo, na mche mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Linawasha ngozi na kusumbua wenye pumu. Lori linalotoka Arusha kuja bandari ya Tanga hupita Moshi, Same, Mombo, Korogwe na Muheza, na mbegu zake hushikamana na tope la matairi. Mkikuta mnalolidhania, msilishike kwa mikono mitupu, pigeni picha, wekeni alama, na mjulishe afisa kilimo wa kata siku hiyo hiyo. Hapo msisubiri ramani ikamilike. Kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yaani TPHPA, nukta moja ya mapema ina faida kuliko ramani nzuri iliyochelewa, kwa sababu kichaka cha kwanza kinang'oleka kwa mikono iliyovaa glavu.

Wa nne ni mathenge, jina ambalo Wakenya wameupa ule mti wa miiba wa Prosopis. Ulipandwa Mombasa mwaka 1973 kurudisha uhai kwenye machimbo, kisha Baringo miaka ya 1980 kuzuia kuenea kwa jangwa, na Baringo ukageuka maafa kwa wafugaji. Unavumilia chumvi na ukame. Tambarare zenu za chumvi nyuma ya mikoko ni mahali pa kutazama, ingawa natumaini mtaandika “hatujakuta” kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wa tano ni magugu maji. Watu husikia jina hili wakafikiria Ziwa Viktoria peke yake, kumbe katika mito yetu ya Sigi na Pangani yalikuwa yakiripotiwa tangu miaka ya 1950. Kwenu yana fumbo zuri. Baada ya mvua kubwa bara, mtayaona yakielea kivukoni, ya kijani na mazuri kutazama. Lakini maji ya chumvi huyaua. Mche unaoelea pale umetoka juu na unakwenda kufa. Je, muandike upo? Andikeni “umeonekana ukielea”, msiandike “unaota hapa”. Halafu pandeni mto hadi mahali chumvi inapoishia, mtafute ulikoshikilia.

Kila mkipata mmea, andikeni na wingi wake kwa maneno matatu tu: mmoja mmoja, vikundi, au kichaka kizima. Kichaka kizima mkizunguke kwa miguu huku simu ikirekodi njia, ili mpate ukubwa wake. Simu ya kawaida hukosea mita tatu hadi kumi mahali pa wazi, na zaidi chini ya miti, hiyo kwa miraba yenu haidhuru. Programu ya KoboCollect, ya kujazia fomu kwenye simu, ni ya bure na hufanya kazi bila mtandao. Ramani mtaichora kwenye kompyuta kwa programu ya QGIS, nayo ni ya bure. Jihadharini na mambo mawili. Latitudo ya kusini ina alama ya kutoa mbele yake, na ukiisahau, Pangani yako itahamia kusini mwa Ethiopia. La pili, kama mtatumia zile karatasi za ramani za zamani za 1:50,000, zimepimwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, wakati simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukizichanganya bila kubadilisha, kila kitu kinasogea karibu mita 300, kiasi cha kuhamisha kichaka kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine.

Majina ya kienyeji yaandikeni yote, lakini msiyategemee peke yake. Kijiji hiki jina moja hubeba mimea miwili, na kijiji cha pili mmea mmoja una majina matatu. Picha ziwe nne: mmea mzima, jani pande zote mbili, ua, tunda, kila moja na sarafu pembeni ya kupimia. Kwa kila aina ya mmea kausheni tawi moja lenye ua kati ya magazeti, mkibadilisha magazeti kila siku hadi likauke. Andikeni rangi ya ua siku hiyo hiyo, maana itapotea. Gugu karoti msilikaushe wala kulibeba, picha zinatosha.

Mtauliza kuhusu setilaiti, vijana huzipenda. Sentinel-2 hupita juu yetu kila baada ya siku tano na picha zake ni za bure, kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10. Magugu maji juu ya maji ya wazi yanaonekana vizuri. Mathenge kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka huku wenyewe umebaki kijani, unaonekana pia. Lantana chini ya miti haionekani, mche wa gugu karoti hauonekani, na Usambara mawingu hukaa juu ya msitu wiki nzima. Tena hata pale picha inapofaa, kompyuta inahitaji mtu aliyefika chini kuiambia hiki ni nini. Kwa hiyo miguu ya wanafunzi wako bado inahitajika.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakuna setilaiti itakayokupa, nacho ni kumbukumbu ya wazee. Msiwaulize mwaka. Mzee akiulizwa “ulianza kuuona lini?” atakisia ili akuridhishe. Ulizeni kwa matukio. Ulikuwapo wakati wa Operesheni Vijiji? Wakati wa vita vya Kagera? Mwaka wa mvua za El Nino, ulipokuwa unapita kwenda shamba, njia ilikuwa na kichaka hiki? Mzee atatulia, atakumbuka alipita wapi na nani, na jibu lake litakuwa na miaka ndani yake: 1974, 1979, 1998. Waulizeni wazee watatu tofauti kila mmoja peke yake, kwa sababu wakiwa pamoja wa kwanza kusema huwaongoza wengine. Waulizeni akina mama wanaokata kuni, na wavuvi kuhusu mto. Nimepata kwa akina mama wa kuni tarehe za kufika kwa mmea ambazo hazimo katika maandishi yoyote niliyowahi kuyasoma.

Mwaka wa kwanza ukiisha mtakuwa na ramani ya kata moja yenye rangi tatu: tumekuta, tumetafuta hatujakuta, hatujafika. Rangi ya tatu msiione aibu. Ichoreni waziwazi, kijivu, ili anayesoma asidhani ni nyeupe. Nitumie orodha ya miraba pamoja na dakika mlizotumia, hata kama safu ya mimea ni tupu kuanzia juu hadi chini. Ukipenda, anzeni na mraba wa kivuko, mwezi Juni, maji ya mto yakiwa bado na rangi ya tope.